Secretariat, Frankel au Winx? Chagua kipimo kabla ya kuchagua farasi

Waulize mashabiki wa mbio za farasi nani alikuwa bora kuliko wote, kisha kaa pembeni usikilize. Mmarekani atamtaja Secretariat. Mwingereza atasema Frankel, na atashangaa hata kwa nini umeuliza. Mwaustralia atawaacha wote wawili wamalize, halafu ataleta Winx na ushindi wake 33 mfululizo. Simba na Yanga angalau hukutana uwanjani, kelele zikatulia kwa wiki mbili tatu. Hawa watatu hawakukutana wala wasingeweza kukutana. Secretariat alikufa 1989, Frankel akazaliwa 2008, na Winx alikuwa na mwaka mmoja tu Frankel alipostaafu. Wawili walikimbia kwenye nyasi, mmoja zaidi kwenye udongo, kila mmoja kwenye bara lake.

Mgeni anayeingia kwenye ubishi huu hupotea haraka, kwa sababu kila hoja inaonekana kumaliza mjadala mpaka isikike inayofuata. Ninavyoona mimi, wengi wanaogombana hawapingani hata kidogo: kila mmoja anajibu swali lake. Huyu anauliza nani alifika juu zaidi siku yake bora. Yule anauliza nani hakuwahi kuanguka. Wa tatu anauliza nani alikaa juu muda mrefu. Ukishajua unauliza lipi, farasi wako karibu amejichagua mwenyewe.

Vipimo nilivyotumia

Nimewapima wote kwa mambo sita: kilele cha uwezo wao, kushindwa kwao, ubora wa wapinzani wao, muda na mipaka ya safari yao, damu waliyoacha, na watu waliokuwa nyuma yao. Kwa asiyezoea michezo hii, tofauti kati ya farasi mmoja na mwingine kwenye mstari wa mwisho huhesabiwa kwa urefu wa farasi mwenyewe, ambao ni kama mita mbili na nusu. Nikisema alishinda kwa urefu sita, maana yake ni hiyo.

Watatu kwa ufupi

Secretariat alikuwa dume wa rangi ya kahawia nyekundu, aliyezaliwa Machi 1970 katika shamba la The Meadow, Virginia. Mmiliki alikuwa Penny Chenery, mkufunzi Lucien Laurin, na mpandaji wake mkuu Ron Turcotte kutoka Kanada. Alikimbia mara 21, akashinda 16. Mwaka 1973 alishinda Kentucky Derby, Preakness na Belmont, zile mbio tatu ambazo farasi akizitwaa zote msimu mmoja Wamarekani humpa taji la pekee. Taji hilo lilikuwa halijapata mwenyewe kwa miaka 25.

Frankel: mbio 14, ushindi 14, kati ya 2010 na 2012. Alikuwa mali ya Prince Khalid Abdullah wa Saudi Arabia, akifundishwa Newmarket na Sir Henry Cecil na kupandwa na Tom Queally.

Winx ni jike, aliyezaliwa Australia Septemba 2011 na kufundishwa Sydney na Chris Waller. Mpandaji wake anayekumbukwa ni Hugh Bowman. Mbio 43, ushindi 37, kati yake 25 za Daraja la Kwanza, yaani daraja la juu kabisa. Alinunuliwa mnadani kwa dola 230,000 za Australia, akastaafu akiwa ameingiza zaidi ya milioni 26.

Kilele

Hapa watu wa Secretariat hawahitaji kupaza sauti. Tarehe 9 Juni 1973, katika Belmont ya maili moja na nusu (kama mita 2,400), alimaliza kwa dakika 2 na sekunde 24, akimwacha wa pili kwa urefu 31. Tangu siku hiyo, hakuna aliyeshinda Belmont Stakes kwa umbali huo chini ya dakika 2 na sekunde 26. Sekunde mbili zinasikika kama kitu kidogo, lakini kwa mwendo wa farasi hao ni pengo la urefu kumi au zaidi. Kwenye Derby ya mwaka huohuo alikimbia kila robo ya maili kwa kasi kuliko robo iliyotangulia, jambo ambalo mwili wa farasi kwa kawaida haulikubali. Rekodi zake katika mbio zote tatu bado zinasimama.

Ila tahadhari kuhusu saa. Udongo hubadilika siku hadi siku. Siku nyingine uwanja unatoa kasi kwa kila anayepita. Na saa yenyewe hukosea: muda wa Secretariat kwenye Preakness ulizua utata tangu siku ileile, na haukurekebishwa rasmi kuwa dakika 1 na sekunde 53 mpaka 2012, baada ya wataalamu kurudia picha za mbio hizo. Miaka 39! Anayekwambia saa haidanganyi hajaisoma habari hiyo.

Waingereza hawategemei sana saa. Viwanja vyao vina vilima na mabonde, nyasi hulowa, na mara nyingi mbio huanza taratibu. Wao hupima kwa alama, wakiangalia uzito uliobebwa, nani kashindwa na kwa kiasi gani. Timeform, kampuni ya Uingereza inayopima farasi kwa alama, walimpa Frankel 147, alama ya juu kuliko zote walizowahi kutoa kwa farasi wa mbio zisizo na vizuizi; kabla yake juu alikuwa Sea-Bird wa Ufaransa, 145. Katika orodha rasmi ya dunia alipewa 140. Hapa pana jambo ambalo mashabiki wa zamani hawajalisamehe. Dancing Brave alikuwa na 141 tangu 1986, lakini Januari 2013 waandaaji wa orodha hiyo walizipitia upya alama za zamani, wakamshusha hadi 138. Frankel akawa juu peke yake. Sababu zao za kitaalamu zilikuwepo, lakini simlaumu anayenung'unika. Mwaka 2022 Mmarekani Flightline naye akapewa 140.

Namba tupu hazimtendei haki Frankel. Mtazame kwenye 2000 Guineas ya Aprili 2011: anatoka langoni na kuondoka zake, na kufika nusu ya njia wengine wanaonekana kama wako kwenye mbio nyingine. Au Queen Anne ya 2012 pale Royal Ascot, aliposhinda kwa urefu 11 dhidi ya farasi wa daraja la juu.

Winx kwenye kipimo hiki yuko nyuma, na heri kusema hivyo wazi. Mwaka 2018 alikuwa juu ya orodha ya dunia kwa alama 130, akilingana na Cracksman, ambaye ni mtoto wa Frankel. Ni pointi kumi chini ya baba. Watu wake hujibu kwamba alikuwa hafanyi zaidi ya kinachohitajika, na wana ushahidi kidogo: Cox Plate ya 2016, mbio kubwa ya Melbourne, alipoamua kukimbia kweli alimwacha Hartnell kwa urefu nane. Binafsi napenda zaidi Warwick Stakes ya 2017. Alichelewa kutoka langoni, akawa nyuma ya kundi zima kwenye mbio fupi ya mita 1,400, ambako kosa kama hilo kwa kawaida halirekebishiki. Akamfikia na kumpita Foxplay, aliyetoka banda lilelile la Waller, hatua za mwisho kabisa.

Kushindwa

Secretariat alikosa ushindi mara tano. Mbio yake ya kwanza aligongwa mwanzoni akawa wa nne. Nyingine alivuka wa kwanza lakini akashushwa kwa kumsumbua mwenzake. Wood Memorial, wiki mbili kabla ya Derby, akawa wa tatu akiwa na jipu mdomoni. Kisha, baada ya utukufu wote wa Belmont, akashindwa na Onion pale Saratoga na baadaye na Prove Out. Farasi hao wawili, ambao leo hukumbukwa kwa sababu hiyo tu, walitoka kwa mkufunzi mmoja, Allen Jerkens. Wapinzani wa Secretariat hawachoki kulitaja jina la Onion.

Frankel hana doa. Aliyemkaribia sana baada ya mbio ya kwanza ni Zoffany, kwenye St James's Palace Stakes ya 2011, pale Queally alipomwachia mapema mno na farasi akachoka mwishoni; bado alishinda kwa robo tatu ya urefu. Lakini kutoshindwa katika mbio 14 si kitu kimoja na kutoshindwa katika 40. Na kama kutoshindwa peke yake ndiyo kipimo chako, utalazimika kuwaacha hawa wote uende Hungary kwa Kincsem, jike wa karne ya 19 aliyeshinda 54 kati ya 54, au urudi Australia kwa Black Caviar, 25 kati ya 25. Watetezi wa Frankel huwa hawapendi kufika huko.

Winx alishindwa mara sita, zote kabla ya Mei 2015. Mara ya mwisho ilikuwa Australian Oaks ya Aprili 2015, nyuma ya Gust Of Wind. Kuanzia hapo hadi anastaafu Aprili 2019, hakuna aliyemtangulia kwenye mstari.

Aliwashinda nani?

Hoja ya "hakumshinda mtu" ndiyo nyepesi kuliko zote kwenye ubishi huu, na hutumika dhidi ya wote watatu. Ikaguliwe kabla ya kumezwa.

Sham, aliyekuwa wa pili kwa Secretariat kwenye Derby na Preakness, alikuwa farasi ambaye mwaka mwingine wowote angeweza kuvikwa mataji. Ila Belmont ile yenye urefu 31 ilikuwa na farasi watano tu, na Sham alichoka kwa kujaribu kwenda naye sambamba hadi akamaliza wa mwisho. Ushindi mzito zaidi kwa macho yangu ni Marlboro Cup, ambako Secretariat aliwashinda farasi wakubwa kwa umri, akiwemo Riva Ridge wa banda lake mwenyewe.

Excelebration alikutana na Frankel mara tano akashindwa zote. Frankel alipohamia mbio ndefu, Excelebration akashinda mbio mbili kubwa za maili, Ufaransa na Ascot. Nathaniel, aliyekuwa wa pili siku ya kwanza kabisa ya Frankel, alikuja kushinda mbio kubwa za King George na Eclipse. Cirrus des Aigles, wa pili kwenye mbio ya mwisho, alikuwa ameshinda Sheema Classic ya Dubai miezi michache nyuma. Kwa upande huu Frankel yuko salama kuliko wenzake.

Kwa Winx, wapinzani wengi wa nyumbani walikuwa walewale msimu baada ya msimu, na hilo ni kweli. Lakini waliotoka nje na kumkuta hawakufanya vizuri zaidi. Highland Reel, bingwa wa baadaye wa King George na Breeders' Cup Turf, alikuwa wa tatu kwenye Cox Plate ya kwanza ya Winx, 2015. Benbatl wa Godolphin, banda la mtawala wa Dubai, aliyekuwa ameshinda Dubai Turf mwaka huohuo, alikuja 2018 akawa wa pili. Jambo moja wapenzi wa Winx husahau kulitaja: jike hupunguziwa kilo mbili anapokimbia na madume. Ni kanuni, wala si upendeleo, lakini iweke kwenye hesabu.

Muda na mipaka

Secretariat alikimbia miezi 16 tu. Baba yake Penny Chenery alikuwa amefariki Januari 1973, kodi ya mirathi ikawa kubwa, na haki za kumpandisha kwa majike zikauzwa kwa hisa za jumla ya dola milioni 6.08 kabla hata hajaikimbia Derby. Masharti yalikuwa astaafu mwaka huohuo. Hatujui angekuwaje akiwa na miaka minne. Kwa upande mwingine, alishinda kwenye udongo na kwenye nyasi pia, na mbio yake ya mwisho ilikuwa Woodbine, Kanada.

Frankel aliendelea hadi miaka minne, jambo ambalo wamiliki wengi wangeliogopa kwa dume mwenye thamani yake. Hata hivyo hakukimbia nje ya Uingereza, wala zaidi ya kama mita 2,100.

Winx alikimbia hadi umri wa miaka saba na kushinda Cox Plate mara nne mfululizo. Kabla yake Kingston Town alikuwa amefikisha tatu. Katika ule mfululizo wa ushindi, umbali wake ulikuwa kuanzia mita 1,300 hadi 2,200. Lawama yake kubwa ni kwamba hakutoka Australia, na mpango wa kumpeleka Royal Ascot 2018 uliachwa. Naona lawama hii haitolewi kwa haki. Frankel naye hakupanda ndege na watu wengi hawamsumbui kwa hilo, wala hakuna anayeuliza kwa nini Secretariat hakwenda Paris. Ni Mwaustralia tu anayetakiwa aonyeshe pasipoti.

Damu

Kipimo hiki kinawafaa madume, basi. Farasi wa aina hii hawaruhusiwi kuzalishwa kwa kupandikizwa mbegu. Lazima dume ampande jike. Dume mmoja anaweza kupata watoto zaidi ya mia kwa msimu, jike hupata mmoja kwa mwaka, akibahatika. Kumlinganisha Winx hapa na Frankel hakuna maana. Mtoto wake wa kwanza hakuishi. Binti aliyemzaa na Pierro 2022 aliuzwa 2024 kwa dola milioni 10 za Australia, akinunuliwa na mmoja wa wamiliki wa Winx mwenyewe.

Frankel anaendelea kung'ara. Ametawazwa baba bora wa Uingereza na Ireland 2021 na 2023, watoto wake wameshinda Derby ya Epsom (Adayar) na Arc ya Paris (Alpinista), na Soul Stirring alishinda Oaks ya Japani. Mwaka 2024 ada ya kumpandisha ilikuwa pauni 350,000 kwa jike mmoja.

Secretariat alisemwa kuwa baba aliyeshindwa, hasa kwa sababu wanawe wa kiume hawakuendeleza jina. Alipata Risen Star na Lady's Secret, lakini utajiri wake ulipitia mabinti. Terlingua alimzaa Storm Cat, na Weekend Surprise akamzaa A.P. Indy, aliyeshinda Belmont ya 1992 kwa dakika 2 na sekunde 26, mmoja kati ya wawili waliokaribia zaidi muda wa babu yake. Justify, aliyetwaa mataji yote matatu 2018, yumo kwenye mlolongo wa Storm Cat.

Watu

Wiki ya Belmont, Secretariat alikuwa kwenye jalada la Time, Newsweek na Sports Illustrated kwa mpigo, Marekani ikiwa katikati ya kashfa ya kisiasa ya Watergate. Tiketi za ushindi 5,617 za siku ile hazikuwahi kulipwa. Dola mbili zilizaa dola mbili na senti ishirini, na watu waliona karatasi ina thamani kuliko pesa. Nyuma yake kulikuwa na mwanamke aliyeokoa shamba la baba yake, na mtunzaji Mmarekani mweusi, Eddie Sweat, ambaye picha nyingi humwonyesha akiwa ameshika hatamu.

Habari ya Frankel haitengani na Henry Cecil, mkufunzi aliyewahi kuwa bingwa mara kumi, akaporomoka, kisha akapata farasi wa maisha yake akiwa anaugua saratani. Kufikia mbio ya Juddmonte pale York, Agosti 2012, sauti yake ilikuwa imekwisha. Alifariki Juni 2013, miezi minane baada ya mbio ya mwisho.

Winx hakuwa na simulizi ya machozi. Alikuwa na mazoea: Jumamosi, jezi ya bluu, Bowman, ushindi. Ukiona hilo ni dogo, fikiria kulifanya kwa karibu miaka minne.

Man o' War je?

Atatajwa, jiandae. Alishinda 20 kati ya 21 mwaka 1919 na 1920, akishindwa mara moja tu na farasi aliyeitwa Upset, na jopo la jarida la Blood-Horse la 1999 lilimweka wa kwanza kati ya Wamarekani wa karne ya 20, juu ya Secretariat. Sikumweka kwenye ulinganisho kwa sababu mgeni hana picha za kutosha za kumtazama, na ubishi bila picha ni kuamini maneno ya wengine.

Basi uchague yupi?

Kama ndiyo kwanza unaanza na una dakika tatu tu, tazama Belmont ya 1973. Anayeguswa na siku moja isiyorudiwa, na asiyesumbuliwa na jina la Onion, ni mtu wa Secretariat. Hata mfugaji anayependa kufuatilia nasaba upande wa mama atafurahi naye.

Ukipenda ukamilifu, alama na hesabu za wataalamu, na ukitaka farasi ambaye watoto wake bado wanakimbia ili uwe na cha kufuatilia kila wikiendi, nenda kwa Frankel. Jiandae tu kujibu kuhusu safari na umbali.

Anayeheshimu kudumu, kama wanaomthamini mwanariadha wa misimu mingi kuliko wa medali moja, atatulia kwa Winx. Na kama unaishi Dubai au Muscat, una mlango mwingine wa kumfikia: baba yake ni Street Cry, aliyeshinda Dubai World Cup 2002 kwa rangi za Godolphin. Street Cry huyohuyo ndiye baba wa Zenyatta, yule jike wa Marekani aliyeshinda 19 kati ya 20.

Anayebabaika kati ya Frankel na Winx, ambao ndio hutesa wengi, ajiulize angelipia tiketi ipi: kumwona mmoja mara 14, au mwingine mara 43 akijua kwamba sita kati ya kumi za mwanzo zitamvunja moyo. Na kwa anayefuata mbio za Ngong, Nairobi, ambako utawaona farasi walewale wakirudi msimu baada ya msimu, nadhani Winx atamwingia kirahisi zaidi, ingawa nimewahi kukisia hivyo kwa watu wa Ngong wakanijibu Secretariat.